Kibanda Namba Tano

Yuro thelathini na nane.
Niliisoma bei mara tatu, miwani puani,
nikidhani wamejumlisha na ya jirani.

Mimi ni mtoza ushuru wa daraja, hapa Lisboni.
Miaka ishirini na minne ndani ya kibanda namba tano,
kiwiko dirishani kinalowa mvua,
napokea sarafu zenye joto la mapaja ya watu.
Mkono mtupu haulambwi, na kizuizi hakiinuki.
Nimetukanwa kwa Kireno cha kila mkoa:
"Barabara si tumeshailipia kwa kodi?"
Nami, "Siku njema, bwana,"
huku nikimhesabia chenji.

Sasa ikawa zamu yangu kuuliza.

Albano, mume wangu, alichukua bahasha ya umeme
akapiga hesabu mgongoni mwake:
kilomita ishirini na moja,
kila moja yuro na senti themanini.
"Teksi ni nafuu, na unafika umekaa.
Utapewa nini? Fulana ya kulalia,
ndizi, maji utakayomwaga nusu,
na bati la duara shingoni
kama ng'ombe wa maonyesho.
Cha mlevi huliwa na mgema, Deolinda.
Njia ya kando ya mto ipo, bure,
hata mbwa wa Zulmira huikimbia bila namba kifuani."

Kweli. Na mbwa yule ananishinda mbio.
Kweli pia kwamba pesa ile ni viatu vya mjukuu,
ni samaki mkavu wa wiki mbili,
na wafadhili waliojaa kwenye fulana
hawatalala njaa nisipolipa.
Jibu sikuwa nalo.
Ila daraja hili, nililolifungulia magari
mengi kuliko nywele zangu, nyeusi na nyeupe,
sijawahi kulikanyaga.
Mwenye miguu hana lango hapa
isipokuwa asubuhi moja kwa mwaka.

Nililipa kimyakimya, kutoka kopo la kahawa.

Sitasema nilipaa.
Nilingoja choo dakika arobaini.
Kijana mmoja alikojoa karibu na kiatu changu
akaniomba radhi kwa Kifaransa.
Tulianza kwa kutembea, kama foleni ya benki,
nikapita mbele ya kibanda namba tano:
kimefungwa, na katika kioo chake
mama mnene mwenye namba kifuani
ananitazama kana kwamba namdai.

Halafu daraja.

Ninyi hamuijui sauti yake.
Magurudumu yakipita juu ya wavu wa chuma
huvuma kutwa, mzinga uliopigwa teke;
mvumo huo hulala nami kitandani,
Albano huuita mume mwenzake.
Asubuhi ile ulinyamaza.
Nyayo tu, maelfu, mvua juu ya turubai.
Nikainama kwenye matundu ya chuma:
Mto Tejo, chini kabisa, wa kijani,
na meli kama punje ya mchele.
Nikashika uzio. Watu walinipita wakinung'unika.
Nilisimama dakika sita,
na saa yao ikazihesabu zote sita.

Ndicho nilicholipia? Kimya?
Nao walikinunua kwa nani, kabla ya kuniuzia?
Sikujua. Sijui hadi leo.

Nilimaliza nyuma ya mtu aliyevaa kama sardini.
Medali hulizuia dirisha la jikoni lisigongegonge.

Jumatatu, zamu ya alfajiri, mvumo umerudi,
dereva wa lori akanitupia sarafu:
"Wezi nyie. Daraja si la umma?"
"La umma," nikasema.
"Umewahi kulisikia likiwa kimya?"
Akanitazama kama mgonjwa.
Kizuizi kikainuka.

Mwaka huu wameandika yuro arobaini na sita.
Nimeisoma mara tatu.
Albano anatafuta bahasha.